Ladislaus Kinunda na Ukingo wa Maji wa Nambele

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, ndugu yetu Ladislaus Kinunda anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na minane. Mimi ninayeandika nilistaafu mwaka 2014, na leo natimiza miaka kumi na mitatu na miezi kumi tangu niondoke Nambele, kitongoji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pande za Kihagara, nilikozaliwa. Nimezitaja hesabu zote mbili kwa sababu aliyeweka vigingi vilivyotuondoa Nambele ni Ladislaus. Bi Eunice, mkuu wa kitengo, ameniomba kurasa mbili za kuchangamsha za jarida la ofisi. Nitajitahidi.

Ladislaus alizaliwa Kitura, milimani kwa Wamatengo, mwaka 1965, mtoto wa tano wa mkulima wa kahawa. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1987 kama kibarua wa kubeba mawe ya mipaka, yale tunayoyaita bikoni. Baada ya miaka sita akapelekwa kozi, akarudi msaidizi wa mpima ardhi, na cheo hicho ndicho anachoondoka nacho. Wapimaji wenye diploma walipita mbele yake kumi na mmoja. Wote walijifunza kwake jinsi ya kusimamisha kigingi kwenye mteremko, na wote wakahamishwa kwenda mijini.

Alikuwa na udhaifu mmoja ambao ofisi nzima iliujua: aliogopa maji. Kila tulipopanda boti kwenda vijiji visivyo na barabara, Ladislaus alijifunga futi kamba kiunoni, mafundo mawili. Nahodha wetu, Tadei, alimuuliza safari moja kama kamba ile ingemsaidia kuelea. Akajibu kwa utulivu kwamba haitamsaidia kuelea, ila watakaomtafuta wataweza kuandika alizama mita ngapi. Tadei alicheka hadi akakosea gati.

Alibeba pia unga na maharage yake, maana hakuwaamini usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Mama Marselina, mjane aliyekuwa akiwapikia wageni wa serikali pale Nambele, alimtania kwamba ameona Wamatengo wanaochimba milima mizima lakini wanamkimbia samaki wa urefu wa kidole. Siku ya tatu Ladislaus alionja. Siku ya nne alirudisha sahani mara mbili aongezewe, na mama Marselina akamtangaza mkwe.

Hiyo ilikuwa Novemba 2009, wakati mwambao wote ungali chini ya Mbinga. Tulikwenda kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na mimi nilikwenda kama mtunza kumbukumbu. Kwa wasomaji vijana wa jarida hili nieleze kidogo. Mpango wa kijiji huanzia nchi kavu: makazi, mashamba, malisho, makaburi. Ziwa lina sheria zake na vibali vyake. Sheria hizo mbili hukutana ukingoni, kwa sababu shughuli za kudumu zimekatazwa ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji. Ukiusogeza ukingo, unasogeza kila kitu kilicho nyuma yake. Na maji ya Nyasa mwezi wa Novemba yako mbali. Mwezi wa Aprili yapo mlangoni.

Nambele ilikuwa na nyumba arobaini na moja na kanisa letu dogo la Kianglikana. Tukipima kutoka maji ya siku ile, vingeondoka vichanja vya kuanikia dagaa na nyumba sita tu. Barua ya maelekezo ilisema "ukingo wa maji" bila kutaja msimu. Niliichapa mimi mwenyewe. Nilijua ilikuwa na mwanya huo.

Ladislaus hakuangalia maji. Alichukua jembe. Kwao Kitura mtu hukua akichimba ngoro, yale mashimo ya mlimani yanayofukiwa majani chini ya udongo, na mtoto hujifunza kuutambua udongo wa mwaka huu na wa miaka iliyopita kwa rangi tu. Alichimba nyuma ya ukuta wa kanisa, mita sabini na nne kutoka majini. Chini ya udongo mweusi akakuta mchanga mweupe, maganda ya konokono wa ziwani, na kizito cha wavu cha udongo wa kuchoma, kimetobolewa katikati.

Watu walijaa. Mama Marselina alikipokea kile kizito akakifuta kwa kanga, akasema ni cha mkono wa babu yake. Wazee wakaanza kushindana kushuhudia. Mmoja alionyesha mti ambao baba yake alifungia mtumbwi mwaka wa maji makubwa, 1979. Mwingine akasema ng'ambo ya mti ule. Nyuso zao zilikuwa na furaha. Walidhani tunatafuta ushahidi kwamba wao ni wa pale tangu zamani, na kila aliyeongeza hatua moja kwenda juu alidhani anakiongezea kitongoji haki.

Nilimvuta Ladislaus pembeni. Nilimwambia maelekezo hayataji msimu, na hakuna atakayemlaumu akipima maji anayoyaona. Sikumficha kwamba nyumba yangu ilikuwa ya kumi na tatu kutoka kanisani, na kwamba mke wangu Eliza alikuwa amelala nyuma ya ukuta ule tangu 2006.

"Kaka," akaniambia, "nikipima haya ya leo, mwezi wa nne maji yakiwaingilia ndani mtanikuta wapi?"

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mpimaji mwingine. Fomu ya ushahidi ilikuwa tayari, wino umefunguliwa kwa wasioandika. Akaifunika kwa kofia yake. Akamwamkia mama Marselina upya, shikamoo, kama mtu aliyefika sasa hivi, akawaeleza wote kwa taratibu: wakisaini kwamba maji yalifika pale, mita sitini zitahesabiwa kuanzia pale, na hakuna nyumba hata moja itakayobaki. Akasema anayetaka kufuta maneno yake afute, yeye hatayaandika.

Wazee wawili wakaondoka. Mama Marselina akabaki anakitazama kile kizito.

"Yalifika, baba," akasema. "Mtoto wangu aliyezama nilimtoa hapo kwenye matete, hapo ulipoweka jembe lako. Sasa niseme hayakufika?"

Akaweka dole gumba. Baada yake wakaweka wengine ishirini na sita. Nami nikaweka saini yangu ya mtunza kumbukumbu, kwa mwandiko mzuri.

Mpango ulipita. Ukanda ule ulipakwa kijani kwenye ramani na kuandikwa hifadhi ya ukingo. Agosti 2011 tulihamia kwenye viwanja vya mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka majini. Wavuvi walianza kushuka alfajiri na kupanda jioni na nyavu mabegani, hadi wengi walipouza mitumbwi. Mimi nilikuja kukaa Mbinga mjini. Kwa miaka mitano ukanda ulikuwa kijani kweli. Matete yalirudi, na nilijiambia kwamba tuliondoka kwa sababu inayoeleweka.

Mwaka 2016 ilikuja barua kutoka upande wa ziwa. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa imepewa kibali cha kujenga gati la kupakia makaa ya mawe. Kanuni za vibali vya majini zinaruhusu ndani ya mita sitini zile shughuli ambazo haziwezi kufanyika mahali pengine, na gati haliwezi kujengwa mlimani. Kwa kuwa kibali kilikwishatolewa, kijiji kilipewa siku ishirini na moja kurekebisha mpango wake uendane nacho. Kwenye mkutano mkuu mzee Wendelin aliuliza kama kuna mahali pengine usipa wanapovuliwa isipokuwa ziwani, na kama uvuvi wao haukuwa shughuli. Swali liliandikwa kwenye muhtasari. Rangi ya kijani ilifutwa, ukanda ukapakwa zambarau, rangi ya shughuli za bandari.

Aliyetumwa kung'oa bikoni za zamani na kusimika mpya ni yule yule aliyezisimika. Ladislaus alizing'oa. Ninajua vijana wa kitengo wamemsema kwa hilo, na ninajua hajawahi kujitetea. Kwenye daftari lake la uwandani, ukurasa wa tarehe 9 Septemba 2016, aliandika kwamba uwanja wote wa makaa uko chini ya ukingo wa maji makubwa, na akaomba hilo liambatishwe kwenye kibali. Nakala ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye jalada.

Mama Marselina alifariki mlimani mwaka 2019. Alitaka kulazwa chini, pembeni ya mtoto wake. Mlinzi wa geti la kampuni alitaka barua, na barua ilitaka kibali cha mwenye kibali. Tulimzika kwenye udongo mwekundu.

Mwaka 2024 mvua zilinyesha bila kupumzika na ziwa likapanda. Lilisimama nyuma ya msingi wa kanisa, palepale Ladislaus alipochimba shimo lake; alikwenda na futi kamba kuhakikisha, tofauti ilikuwa hatua mbili. Rundo la makaa liliteleza likaingia majini. Kwa wiki tisa maji ya ghuba ile yalikuwa meusi na hakuna aliyeanika dagaa. Maji yaliposhuka, kibali kiliongezwa muda.

Nimeorodhesha haya kwa sababu katika wasifu hutajwa mafanikio, na mafanikio ya Ladislaus ndiyo haya: hakuna kipimo chake kilichowahi kukanushwa, si na mahakama wala na ziwa. Kama tungebaki, maji ya mwaka jana yangetukuta tumelala. Hilo nimelifikiri mara nyingi, na halinifariji kama inavyopaswa.

Lipo jingine, ambalo nimelijua mwezi huu. Alipokuwa akisafisha meza yake aliniletea karatasi tatu zilizokunjwa. Ile Septemba ya 2016, kabla mashine hazijasawazisha uwanja, alibaki Nambele siku mbili zaidi bila posho na bila kumwambia mtu. Alipima kila kaburi. Yapo thelathini na matatu, kila moja na umbali wake kutoka pembe mbili za msingi wa kanisa, jina pale msalaba uliposomeka, na pale usiposomeka ameandika "mtoto" au "mtu mzima" kwa urefu wa tuta. La kumi na tisa ni Eliza: mita 14.30 kutoka pembe ya mashariki, mita 9.75 kutoka pembe ya kusini. Karatasi ya tatu ni nakala kwa ajili ya dayosisi. Aliomba radhi kwamba mvua ilimharakisha, huenda amekosea sentimita mbili.

Ladislaus anarudi Kitura kwenye kahawa yake, kwa mkewe, mama Kunigunda, na wajukuu sita, mahali ambapo maji pekee ni ya kisima. Kitengo kinamshukuru. Wafanyakazi wamemnunulia futi kamba mpya, naye amesema ataitumia kupimia nafasi za miche. Kaka, miguu yako ibaki na nguvu, kahawa yako izae, na wajukuu wako wajifunze kuchimba kama wewe.

Karatasi zangu nimezitia kwenye bahasha, pamoja na hati ya kiwanja cha Mbinga. Kaburi la mke wangu ninalijua lilipo kwa sentimita, na juu yake kuna makaa. Nina miaka sabini na moja. Sitarudi Nambele.

Bartholomayo, mtunza kumbukumbu mstaafu