Kuzindua Njia ya Sauti kutoka Kijenge hadi kwa Mzee Anaeli

Mgeni rasmi, Mhandisi Nice Anaeli. Mwenyekiti wetu, Mama Kandida. Na wazee wenzangu mliokubali kuvaa viatu vya kufunga kamba leo:

Ukaribisho

Karibu Kijenge, mwanetu. Itifaki inatutaka tukuite mheshimiwa, nasi tutajitahidi, ila wengi wetu hapa tuliwahi kukufuta kamasi. Umetoka Dodoma kuja kuzindua mtandao wa kikundi chetu, tumefurahi. Yupo mtu kule mlimani angefurahi kutushinda, lakini miguu yake imegoma kushuka, nawe hujapanda huko tangu mlipokosana. Hilo tumeshalisema. Tuendelee.

Historia

Sisi ni wastaafu tulioimba kwaya pamoja tangu nywele zikiwa nyeusi. Baba yako akiimba besi, migomba ilitikisika, na siku moja tembo walizunguka Meru yote kuja kuuliza nani amewaita. Shahidi yupo, ni mwenzetu Ndesanjo, na yeye huwa hadanganyi akiwa amelala.

Baba yako alipoacha kushuka, tuliendelea kuimba. Ila kila tukifika mahali pa besi, tunanyamaza kidogo. Hatukukubaliana hivyo, ni mazoea tu, tunamngoja.

Simu tulijaribu. Anaiweka mahali, anaisahau, inalia chini ya mito. Na intaneti ya kule ilikuwa ya polepole: Ndesanjo alimtumia dada yake wa mlimani picha ya mjukuu akibatizwa, ilipofika, mtoto ameshapata kipaimara. Mnara mpya wa simu uliposimama, tukapata moyo.

Mafanikio

Mwalimu hatukuwa naye. Tulijifunza kwa kutazama video na kugombana. Kompyuta kuukuu moja tuliiweka hapa ukumbini, nyingine sebuleni kwa baba yako. Ndani ya kila moja tukaweka ruta pepe, yaani ruta isiyo na boksi wala antena, programu tu. Kila ruta tukaitengenezea kiolesura chake, ambacho sisi tunakiita mlango. Tukakipa anwani na ufunguo, na tukakitambulisha kwa mwenzake wa upande wa pili. Milango hiyo ikikubaliana, inapatikana njia yetu wenyewe, iliyotandikwa juu ya intaneti ya watu wote, na humo tupo sisi tu. Inakaa wazi kutwa. Mtu akikohoa mlimani, Kijenge tunasema pole.

Changamoto

Wewe ni mtaalamu, utacheka. Milango ilikuwa tayari, funguo sahihi, taa zinawaka, na njia haikufunguka wiki nzima. Mama Kandida akampigia baba yako, na siku hiyo akapokea.

"Anaeli, kwako kukoje?"

"Niko tayari. Nimeuweka mlango wangu ungoje."

"Ungoje nini?"

"Ninyi muanze. Mimi mkubwa wenu wote, mnataka niwaamkie?"

"Ee Mungu! Na sisi tumeuweka wetu ungoje! Huku ni makao makuu, baba. Makao makuu hayabishi hodi kwenye tawi!"

"Basi kaeni na makao yenu."

Tulicheka mpaka Ndesanjo akatoa meno ya bandia. Halafu Mama Kandida akasema, "Huyu na Nice wake ni hivihivi," tukaacha kucheka. Maana ulipokataa kurudi kwenye shamba lake la kahawa, alikuambia usimpigie mpaka akuite, nawe ukatii. Naye anashikilia kwamba shikamoo huanza kwa mtoto.

Kiburi tulikimeza, tukaugeuza mlango wa Kijenge uwe ndio unaobisha. Njia ikafunguka palepale. Akatuimbia besi, peke yake, ubeti mzima.

Picha bado inakwama. Kila kifurushi cha data kinavishwa koti la pili ili kipite kwenye njia yetu, na vifurushi vya picha vinakuwa vinene kuliko mlango. Tunaendelea kuvipunguza.

Maombi

La kwanza, betri, kwa kuwa umeme ukikatika tunampoteza katikati ya wimbo.

La pili ni uzinduzi wenyewe. Utepe tuliuacha makusudi. Kuna kipaza sauti hapa mezani, na mlango umefunguliwa tangu ulipoingia. Baba yako amekaa upande wa pili. Amevaa koti la ibada, ingawa tulimweleza kwamba hutamwona. Yeyote akisogeza kiti hapa, anauliza, "Nani huyo?"

Ametukataza kabisa kukuambia kwamba kila tukimaliza mazoezi anauliza kama umekula vizuri huko Dodoma. Sisi ni watu wa kutii wakubwa. Hatujakuambia.

Mungu akubariki, mwanetu, aubariki mlima na wote waliobaki juu yake.

Ni sisi, Kwaya ya Wastaafu Kijenge. Imesomwa na katibu wake, Sifael, ambaye sasa anakupisha kwenye kipaza sauti.