Semaan Nakhle Matar, Mwalimu Aliyewapa Wanafunzi Mgongo

Marehemu Semaan alizaliwa tarehe 14 Novemba 1966 hapa hapa kijijini Hadshit, mlimani, mtoto wa kwanza wa mzee Nakhle Matar na mama Wardeh. Theluji iliwahi mwaka ule na mkunga akakwama njiani. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alikuja na baridi yake mwenyewe. Wa pili na wa mwisho ni mimi, Nuhad, ninayewasomea haya.

Alisoma kwa watawa mpaka mwaka 1980. Hesabu alizijua, maneno yalimshinda. Akiulizwa kitu aliinua nyusi tu, na watawa wakadhani ni jeuri, kumbe kwake ndiyo kusema hapana. Alibaki hivyo mpaka mwisho, na kama kuna mtu humu aliwahi kupata kwake sentensi tatu mfululizo, asimame tumwone.

Mwaka 1985 aliajiriwa kule Mierezi, uwanja wa kuteleza thelujini, kwenye mashine inayovuta watu kupanda mteremko. Mwaka 1994 binamu yetu alirudi kutoka Ufaransa na ubao wa kutelezea theluji, ule mmoja unaofungwa miguu yote miwili. Binamu alianguka siku moja akauacha. Semaan alianguka msimu mzima, akawa mwalimu wa wanaoanza, na hakutaka kuwa kitu kingine.

Kazi yake ilikuwa kufundisha kona. Kwanza alimsimamisha mtu aegemee visigino na kuburuzika polepole kwa upande. Kisha amgeuze, aegemee vidole. Kisha aunganishe: atoke visiginoni aende vidoleni, na hapo katikati ubao huelekeza pua chini moja kwa moja. Ndipo mabingwa wa Beirut walipoita mama zao. Mwenye woga huegemea nyuma, na akiegemea nyuma ubao haugeuki.

Mwanzoni Semaan alisimama chini, mikono wazi kama anapokea mtoto, akimtazama mwanafunzi. Sasa, kwenye ubao mtu huenda anakotazama. Kulikuwa na daktari wa meno kutoka Zahle, mtu mnene, aliyemkodolea macho Semaan toka juu mpaka chini, akamjia mzima mzima. Semaan akavunjika mbavu mbili.

"Mwalimu, mbona hukukwepa?" daktari akamlalamikia akiwa bado amemlalia.

"Inuka kwanza, bwana, nipate pumzi ya kukujibu."

Tangu hapo, mtu akifika pa kuunganisha kona, Semaan alimpa mgongo. Walimpigia kelele. "Mwalimu, nitazame basi!" Naye: "Nikikutazama utanitazama, ukinitazama utanijia. Tazama unakokwenda." Akabaki hivyo, ametazama bonde, anasikiliza. Ukingo wa ubao ukikwaruza alijua mtu kaogopa. Ukikata kimya kama kisu kwenye jibini, alijua kageuka. Kwa hiyo kaka yangu aliwafundisha nusu ya wilaya hii kugeuka, na ile kona ya kwanza ya mtu, anayoicheka kwa furaha, hakuiona hata moja. Akigeuka kutazama, mtu alikuwa keshapita, anakimbilia mashine ya kupandia miteremko mikubwa. Hawakurudi chini kumsalimia. Kiangazi, wakati ninyi nyote mko pwani, alipanda peke yake kuokota mawe pale wanaoanza wanapoangukia.

Tarehe 5 Septemba 1998 alimuoa Hind Tanios katika kanisa hili. Walimpata Yolla mwaka 2000. Hind alifariki Machi 2009, na Semaan akajifunza kusuka nywele za mtoto, vibaya.

Agosti 2018 Yolla alipata nafasi ya kusomea uuguzi Montreal. Kwenye uwanja wa ndege alisitasita. Alifika mlangoni, akarudi, akasema, "Baba, nisiende?" Semaan akambusu paji la uso, akageuka, akampa mgongo mbele za watu. Yolla akaondoka analia. Wengine mlisema, na najua nani alisema, kwamba yule mtu moyo wake ni barafu. Tangu siku ile simu zao zilikuwa "umekula?" "nimekula," na Yolla hakuja tena.

Garini tukirudi nilimwakia. "Wewe Semaan, ni mnyama? Mtoto anaondoka, hata kumtazama?"

Tukapita mji wa Batroun. Kisha akasema, "Ningemtazama, Nuhad, angenijia."

"Na wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Sikutazama. Nilisikiliza magurudumu ya sanduku lake. Yalikwaruza kidogo. Kisha yakaenda."

Nikamwambia mpigie umweleze. Akainua nyusi. "Akijua atarudi." Akaniapisha kwa kaburi la mama nisiseme maadamu yu hai. Nimenyamaza, na wanaonijua wanajua ilinigharimu nini.

Vuli iliyopita mapafu yalimshinda. Alilazwa hospitalini Tripoli, hii yetu ya pwani, akaomba arudi nyumbani. Kitanda tulikiweka dirishani, akalipa dirisha mgongo. Nje watoto waliteleza kichochoroni juu ya sinia zetu za jikoni, naye akisikiliza. "Huyo anaegemea nyuma," alisema. Nikamuuliza tumwite Yolla? Akainua nyusi, lakini safari hii alichelewa kuziinua. Nikapiga simu. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Februari 2025. Ndege ya Yolla ilitua jioni yake.

Yolla, uko hapo mstari wa mbele na koti lisilokutosha. Nimemaliza kiapo changu. Baba yako hakukuacha mlangoni pale. Alisimama anakusikiliza mpaka magurudumu yakaisha, na baada ya hapo akaendelea kusikiliza miaka yote.

Marehemu ameacha binti yake Yolla, dada yake Nuhad, na wanafunzi waliotawanyika Australia, Brazili na Kanada, wanaojua kugeuka pande zote mbili. Kahawa chungu iko ukumbini, hakuna wa kukimbia.

Apumzike kwa amani, na sasa, Semaan, kazi imekwisha: geuka umtazame binti yako.