Jini Hatajwi Njiani

Kurasa saba za mwisho za riwaya aliyokuwa akiisoma Salwa zilikuwa majivu. Mama mkwe alizichoma kwa sababu zilimtaja jini wa Mombasa kwa jina. Na sasa, ndani ya basi, mzee aliyeketi kando yake alikuwa amemaliza kitabu kicho hicho, uso umeshiba.

"Shikamoo, baba. Aliyemuua bawabu ni nani? Yule jini mchumba wa Zuhra, au rafikiye Zuhra?"

"Marahaba. Jini hatajwi ndani ya chombo kinachokwenda."

"Kwa hiyo ndiye?"

"Sikusema, mwanangu. Tukishuka Ramisi nitakwambia."

"Na Zuhra, aliolewa naye?"

Mzee akacheka. "Ramisi!"

Salwa alitakiwa kushuka Msambweni, akampake shoga yake hina ya harusi. Hakushuka. Basi liliposimama Ramisi, gharama ya jibu ilikuwa vituo vitano vya kurudi nyuma, na bi harusi mwenye mikono miwili mitupu.