Askari Waliokosea Adui

Kwenye basi la kutoka Wote kwenda Tawa, mama aliyejitambulisha kama Kathini alikuwa kiti cha mbele yangu, akimwonyesha mfanyabiashara Ngure, aliyeketi kando yake, vidole vyake vilivyovimba. Alikuwa ametoka kliniki.

"Daktari anasema mwili iko na askari," alieleza. "Wanatumiana ujumbe ya uongo, eti adui amejificha kwa viungo. Sasa wananipiga mimi."

"Nani anatuma hiyo ujumbe?"

"Ni mwili yangu tu."

Ngure akamsogelea. "Kunywa maji ya moringa, mama. Inaongeza kinga."

"Niongezee hao askari nguvu, wanimalize?"

Mimi nilisoma biolojia shuleni, lakini nami nilikuwa nimepotea.

"Na hii dawa inafanya nini?" Ngure akauliza, akionyesha pakiti ya vidonge ambayo Kathini alipewa kliniki.

"Inazuia ujumbe isifike."

"Na nimonia ikikuja kweli? Si hata ujumbe ya ukweli itazuiwa?"

Kathini alishtuka. "Daktari alisema nikisikia homa nirudi mbio. Sikuuliza ni kwa nini." Kisha akaongeza polepole, "Lakini asubuhi siwezi kufunga kifungo. Bwanangu ndiye ananivalisha."

Alitoa kidonge, akampa Ngure chupa ya maji amfungulie. Ngure aliifungua huku akiendelea kuipinga dawa. Kathini akameza, akaitazama mikono yake.

"Sasa hao askari wataambiwa saa ngapi kwamba mimi si adui?"

Ngure alinigeukia mimi. Basi likasimama Tawa.