Mkono wa Kushoto

Seremala alipanda treni ya asubuhi akakaa karibu na dereva wa lori, ambaye alikuwa akimsifu mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu kama anamtafutia mchumba. Seremala hakumwambia kwamba mchezaji huyo ni mdogo wake, tumbo moja.

"Huyo ndiye mkali wa wakali. Ana vikombe sita!"

"Vikombe ni vya timu, bwana wee. Mkali wa kweli anakaba. Yule alikuwa anangoja mpira kama mgeni anayengoja chai."

"Mzee wangu, mbona unasema kama aliyenyang'anywa mke?"

Seremala alicheka, ila roho ilimuuma.

"Haya, na ule mkono wake wa kushoto je?" dereva akamchokoza.

Zamani, mwaka mzima, nyuma ya karakana, Seremala alikuwa akimfunga mdogo wake mkono wa kulia kwa kitambaa mpaka wa kushoto ukazoea.

"Alisema nani alimfundisha?"

"Nilimsikia redioni. Alisema amezaliwa nao."

Treni ilisimama. Seremala akaokota msumeno wake kwa mkono wa kushoto.

"Aliyezaliwa na mashoto ni mimi," akasema, akashuka.