Mke wa Joash Hakupotea

Kijiwe chetu kiko hapa Keumbu, mkabala na soko la ndizi: benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la dawa za mifugo. Kahawa ni ya Mama Lynette, mama wa kutoka Homa Bay ambaye birika lake halijui kupoa. Upande wa kushoto huketi Makori, tunayemwita Bunge kwa sababu hajawahi kukubali hoja kabla ya kuipinga. Katikati ni Nyamongo, mwenye duka hilo; ametibu ng'ombe miaka mingi mpaka tukamwita Daktari, naye akaanza kututibu na sisi kwa mdomo. Anayekaa karibu zaidi na birika ni Nehemiah, au Askofu, shemasi wa Kisabato. Kahawa hanywi, hunywa maji moto ya tangawizi, ila anasema harufu haijakatazwa. Mimi hukaa pale mwisho, penye msumari. Siku hiyo Joash wa bodaboda alisimama mbele yetu na mkungu wa ndizi nyuma, akapokea simu, akaongea kidogo, akaenda zake. Simu yenyewe ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonye, imefungwa raba ili betri isianguke. Na huyu ndiye Joash ambaye zamani tulimwita Online, kwa vile hata akila alikuwa anatazama kioo cha simu.

Bunge: Mmeona hiyo maajabu? Online na kabambe!

Daktari: Si ya leo hiyo. Simu kubwa aliuza kitambo.

Bunge: Mtu haachi simu ya maana hivi hivi. Huyo kuna watu wanamfuata. Wanamwona kutoka juu.

Askofu: Juu wapi, tata, mzee wangu?

Bunge: Kwa satelaiti! Wahenga walisema, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Haya, zile zinaelea huko juu, nani ameziunda? Na anataka nini na Joash?

Daktari: Wacha siasa. Hiyo ni afya. Ule mwanga wa simu unaingia kwa jicho, unateremka polepole mpaka kwa ini. Kuna ng'ombe alifungwa chini ya mlingoti wa network, akatoa maziwa ya samawati.

Mimi: Uliyaona?

Daktari: Niliambiwa na mtu aliyeambiwa na mwenye ng'ombe. Na shingo ya Joash je, haikuwa imepinda? Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Askofu: Nyinyi hamsomi Maandiko. Imeandikwa alama itawekwa mkononi. Sasa simu hukaa wapi? Si mkononi? Joash ameshtuka mapema.

Bunge: Na yako, Askofu, imekaa wapi saa hii?

Askofu aliiteremsha mfukoni taratibu.

Askofu: Yangu iko na Biblia ndani.

Bunge: Basi nimejua. Anataka kiti cha MCA! Mwanasiasa akitaka kura hujifanya maskini kwanza. Kabambe leo, kesho viatu vya tairi, kesho kutwa tunamwita mheshimiwa.

Mama Lynette aliweka birika chini kwa kishindo.

Mama Lynette: Mmemaliza? Nyanchera, mke wa Joash, ndiye huniletea maziwa. Mkinyamaza nitawaambia yenye nilisikia kwake mwenyewe.

Tulimgeukia. Hata Bunge.

Mama Lynette: Mnakumbuka ile picha ya Nyanchera? Ile ya "amepotea"?

Nani angeisahau? Ilizunguka kwenye magrupu yote, ya soko, ya kanisa, ya chama, ikavuka mpaka Nyamira. "Huyu ni mke wangu Nyanchera, ametoweka nyumbani, mwenye kumwona anipigie." Sisi wenyewe tuliituma mbele, na Askofu akaiongezea ombi.

Mama Lynette: Hakuwa amepotea. Mama yake alikuwa mgonjwa sana kule Kiogoro. Jioni, wakiwa mezani, Nyanchera akamwambia Joash, "Mama amezidiwa. Kesho alfajiri naenda kumuuguza, watoto nitawaacha kwa mama yako." Joash alikuwa anaangalia mpira kwa simu. Akajibu, "Sawa. Niletee maji."

Bunge: Aii!

Mama Lynette: Nyanchera akaleta maji. Akarudia tena, ndio asikie vizuri. Joash akasema, "Sawa, sawa." Asubuhi Nyanchera akaenda. Joash kuamka, kitanda kitupu, watoto hawapo, chai hakuna. Akajua ameachwa, hata kwa mama yake hakuuliza. Simu ya Nyanchera ilikuwa imezima, kule kwao stima ilikuwa imepotea.

Daktari: Ndipo akatuma picha.

Mama Lynette: Ngoja hiyo picha. Alitafuta picha ya bibi yake kwa simu yote. Pikipiki, imejaa. Yeye mwenyewe na miwani, imejaa. Nyanchera, moja tu! Nayo alikuwa amesimama nyuma ya pikipiki, ameshika jembe, sura nusu. Akakata pikipiki, akatuma hiyo nusu.

Mimi niliwaza picha zilizo kwenye simu yangu, nikaona heri niendelee kunywa kahawa.

Mama Lynette: Sasa Nyanchera ako kwa chumba cha mama yake, anamlisha uji na kijiko. Mlango unafunguliwa. Mzee wa mtaa, majirani, watu wa kanisa, wote na simu juu. "Tumempata! Tumempata!" Mgonjwa akashtuka, uji ukamwagika kwa blanketi. Nyanchera akaangalia ile picha yake nusu. Akawaambia, "Mwambieni Joash sikupotea leo. Nilipotea kitambo, nikiwa hapo hapo mezani kwake."

Askofu: Mungu wangu.

Mama Lynette: Joash aliambiwa hayo maneno vile yalivyo. Hakubishana. Siku hiyo hiyo akauza simu, akanunua hiyo kabambe ya kupigiwa na wateja, pesa ingine akanunulia mgonjwa maziwa na matunda. Na anajua wale wateja wa kuitia boda kwa app amewapoteza. Akaenda Kiogoro.

Bunge: Akaomba msamaha?

Mama Lynette: Kwa nani? Nyanchera hakumsemesha. Na nyinyi Wakisii na chinsoni yenu, hiyo adabu ya ukwe, mkwe hawezi kuingia kwa chumba cha mama mkwe. Basi akakaa barazani. Akakatia ng'ombe nyasi, akachota maji, akapasua kuni. Jioni Nyanchera akatoka, akakaa mbali kidogo. Akaanza kuongea akiangalia shamba. Ya homa ya mama. Ya dawa yenye inamtapisha. Ya vile anaogopa kuzika mama kama alivyozika dada yake. Akaongea mpaka giza likaingia. Halafu akasimama ghafla. "Nimesema nini?"

Daktari: Mtihani!

Mama Lynette: Joash akarudia yote. Jina la dawa, jina la nesi, ya dada yake. Akasema, "Sikujua bado unamlilia." Nyanchera akaingia ndani, akamtolea ugali na mboga.

Bunge alifungua mdomo, tukajua pingamizi linakuja.

Bunge: Huyo ni mwanaume.

Daktari: Na mgonjwa?

Mama Lynette: Alipona, anatembea na mkongojo. Nyanchera akarudi nyumbani. Siku hizi Joash akitoka kazini anakaa jikoni, anamenya ndizi, bibi anaongea. Nyanchera ananiambia wakati mwingine anakosa cha kusema, basi wanacheka tu.

Askofu: Mbuya mono, vizuri sana. Hiyo ni kufunga saumu kabisa. Sisi hufunga chakula, yeye amefunga macho ili afungue masikio.

Bunge: Kuacha simu ni rahisi. Kurudia maneno yote ya mke, hapo ndipo pana kazi. Mimi nampa heshima.

Adoyo, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa amefika sokoni kwa mara ya kwanza, alikuwa ameketi juu ya gunia lake na kikombe mkononi. Alikuwa amesikiliza karibu yote. Akatuangalia mmoja mmoja, bila ubaya wowote, kama mgeni anayetaka kujua njia.

"Na nyinyi wazee," akauliza, "leo asubuhi wake zenu waliwaambia nini?"

Bunge alimtazama Askofu. Askofu alitazama tangawizi yake. Mimi nilikumbuka neno "sukari", au labda lilikuwa "shule".

Daktari aliinuka, akasogea hadi mlangoni pa duka lake, akapiga simu. Alijaribu kunong'ona, lakini ile simu yake hupaza sauti bila kuombwa.

"Mama Mokeira, asubuhi ulikuwa unasema nini?"

Sauti ya mke wake ikatufikia sote kwenye benchi, imejaa hofu:

"Kwani umepata ajali?"