Mwalimu Dena na Sinia la Nne

Tarehe 31 Desemba 1987, Mwalimu Dena Kahonzi ataiweka chaki chini baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Hisabati hapa shuleni kwetu Matsangoni. Alipotajiwa idadi hiyo, alisema kwamba haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Ndivyo alivyo. Mwili uko nasi, mawazo yako kwenye tarakimu. Jioni moja alikuwa akirudi kwake kwa baiskeli, likampita lori la chumvi kutoka Gongoni, naye akaanza kujumlisha tarakimu za namba yake ajue kama inagawika kwa tatu. Alipozinduka yuko Gede, nyumba ameiacha nyuma, na sima ya mkewe, Bi. Kadii, imeshapoa.

Tulimcheka, lakini kwake haukuwa mchezo. Mwalimu hapendi mtoto abaki. Mwaka 1984, kwenye siku ya michezo, tuliwapanga wanafunzi 171 watatu watatu, safi kabisa. Mara akatokea mwanafunzi wa 172, msichana aitwaye Harusi, ametoka kuugua, sare kaifua mwenyewe. Mwenzetu mmoja akamwambia akae kando atazame. Machozi yakamlenga. Mwalimu Dena akafumba macho: moja na saba na mbili ni kumi, kwa tatu haiwezekani. Akaangalia zile mbili za mwisho, sabini na mbili, zinagawika kwa nne. Basi na yote inagawika. Tukawapanga upya wanne wanne, na Harusi akapita mbele ya wazazi akichapa mguu kuliko wote.

Sisi walimu tuko kumi na watatu. Kila mwisho wa muhula Bi. Batuli, mpishi wetu, hupakua pilau masinia matatu, watu wanne kila sinia. Anayebaki ni Mwalimu Dena, na sahani yake, kwa kutaka mwenyewe. Ijumaa iliyopita aliinua macho kwenye sahani hiyo akasema polepole, "Sasa mtagawika sawasawa. Baki inaondoka."

Wallahi, tuliacha kula. Bi. Batuli aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka na sinia la nne, akaliweka mbele yake, nasi tukahamia huko wote, tukibanana.

Ahsante, Mwalimu wetu. Wewe na Bi. Kadii mjaaliwe afya, raha na sima ya moto. Muhula ujao tutakuwa kumi na wawili, tunagawika vizuri kabisa, na hatutaki. Sinia la nne litapakuliwa. Njoo ule.